Klachi mpya, kelele ile ile: kisa cha Corolla ya mwalimu

Gari na mwenye gari

Hii kazi niliifanya mwenyewe kwa gereji yetu hapa Eastlands, Nairobi. Jina la mwenye gari, namba ya gari na shule yenye anafundisha nimetoa, na fundi mwenye alishika hii gari kabla yangu pia simtaji, juu sikuja kumsema mtu, nataka tuangalie kazi venye ilifanywa. Naandika juu naona vijana wengi wakiskia klachi inapiga kelele wanamtuma mteja akanunue seti nzima, wanaangusha giaboksi, wanafunga mpya, alafu baada ya wiki tatu kelele iko pale pale na pesa ya mtu imeenda. Inaniuma sana hiyo, juu mtu wa gari nzee mara nyingi pesa yake ni ya kuhesabu.

Gari ni Toyota Corolla, zile tunaita 110, ya mwaka 1998, injini ya petroli ya cc 1500, gia tano za mkono. Mita ilikuwa imepita kilomita 281,000. Klachi yake si ya kebo, ni ya mafuta: kuna masta, ile pampu ndogo yenye pedali inasukuma, kwa ukuta wa injini karibu na pedali, paipu ya chuma inashuka, alafu kipande cha paipu ya mpira, alafu silinda ndogo ya chini kwa giaboksi yenye inasukuma folki, ule mkono wa chuma wa kuachilia klachi. Kumbuka hiyo paipu ya mpira, tutarudi kwake.

Mwenye gari ni mama mwalimu, anaishi nje ya jiji upande wa mashariki na shule iko upande wa Thika Road, kwa hivyo asubuhi na jioni yeye hupita Outering. Mwenye anajua Outering saa kumi na mbili na nusu asubuhi anajua mguu wa kushoto unafanya kazi gani pale. Unakanyaga, unaachilia, unasonga futi kumi, unakanyaga tena, na matatu inakuingilia mbele unaanza upya.

Venye shida ilianza

Kulingana na yeye, kwanza kabisa hakukuwa na kelele. Kwanza gia zilianza kuwa ngumu, hasa rivasi na namba moja, na pedali ikawa inashikia chini karibu na kapeti, ukikanyaga unaskia ni laini kama unakanyaga sponji. Akaenda kwa fundi wa karibu na kwake, fundi akasema klachi imeisha. Ikanunuliwa seti mpya: pleti, presha pleti na beringi ya rilisi. Giaboksi ikaangushwa, ikafungwa jioni hiyo hiyo, akalipa, akaenda.

Gia zikawa afadhali. Lakini baada ya kama mwezi akaanza kuskia mngurumo gari ikiwa imesimama, na baadaye kelele ingine ya kukwaruza akikanyaga klachi. Akarudi kwa yule fundi, akaambiwa beringi mpya huwa inapiga kelele kidogo ikizoea, itanyamaza. Haikunyamaza. Miezi mitatu ikapita tangu seti ifungwe, na sasa ikaongezeka shida ya tatu: akitoka kwa jamu ndefu mchana jua likiwa kali, akipanda flaiova injini inalia juu lakini gari haivuti vizuri. Ikipoa jioni, inavuta poa tu.

Alinipigia simu siku ya Ijumaa. Akaniuliza, "Fundi, beringi ya klachi na kazi ni pesa ngapi?" Na mimi nikamjibu bei pale pale kwa simu. Hilo lilikuwa kosa na nitalieleza huko chini.

Siku ya kwanza: kuskiza kabla ya kushika spana

Alikuja Jumamosi asubuhi. Kitu ya kwanza nilimwambia, "Mwalimu, zima redio, funga madirisha, wewe endesha mimi nikae kando, unionyeshe hiyo kelele yenye unaskia wewe." Sipendi kuskiza kelele yenye nimejitafutia mwenyewe, juu gari ya miaka ishirini na kitu iko na kelele nyingi na unaweza kutengeneza ingine kabisa yenye haikuwa inamsumbua mtu.

Tulizunguka kama dakika kumi. Niliona pia kwamba kila tukisimama mguu wake wa kushoto unabaki umeegemea pedali. Sikusema kitu wakati huo, niliweka tu akilini.

Tukarudi, gari ikasimama mahali tambarare, handibreki juu, gia nyutro, injini moto. Hapa ndio kazi yenyewe iko kwa hivyo niende polepole. Flaiwili, ile sahani nzito ya chuma, imefungwa kwa krenki, shafti kuu ya injini. Presha pleti imefungwa kwa flaiwili. Katikati yao imebanwa pleti, na pleti imevaa meno ya shafti ya kuingilia giaboksi. Kama hujakanyaga pedali, hivyo vitu vyote vinazunguka pamoja, hata gari ikiwa nyutro, hiyo shafti ya giaboksi inazunguka mbio sawa na injini. Ukikanyaga, folki inasukuma beringi ya rilisi, beringi inabana vidole vya presha pleti, pleti inaachiliwa, na shafti inasimama. Kwa hivyo pedali ni kama swichi: ikiwa juu inawasha beringi za giaboksi, ikiwa chini inazima hizo na kuwasha rilisi. Ukiskiza na mguu utajua ni upande gani unalia.

Pedali ikiwa juu, kulikuwa na mngurumo mzito, kama posho mili ikiwa mbali. Nikamwambia akanyage polepole sana. Mngurumo ukaanza kufifia, baada ya sekunde mbili tatu ukaisha kabisa, na kabla haujaisha ikaingia ile ya pili, kali, kama mtu anakwaruza sufuria na kijiko cha chuma. Akaachilia, ya kukwaruza ikaisha, mngurumo ukarudi. Tulirudia mara tano hivi nikiwa nimeinama kwa boneti, alafu nikiwa chini.

Hizo ni kelele mbili za vitu viwili tofauti. Mwalimu alikuwa anaita zote "kelele ya klachi", na ni haki yake, yeye si makanika. Lakini fundi akizichukua kama moja amekwisha kupotea. Yenye inakuja ukikanyaga ni rilisi. Yenye inaisha ukikanyaga ni beringi ya shafti ya kuingilia, na hiyo iko ndani ya giaboksi, seti mpya ya klachi haiwezi kuitoa hata ufunge kumi. (Kwa magari ya kuvuta nyuma kama Hiace kuna beringi ndogo ya katikati ya krenki pia, hiyo inalia pedali ikiwa chini na gia imeingia. Hii Corolla haina.)

Nikaangalia vingine haraka. Beliti na altaneta hazikubadilika na pedali. Nilimweka kijana akanyage na kuachilia injini ikiwa imezimwa huku nikiangalia puli ya krenki, juu krenki ikiwa imelegea mbele na nyuma puli utaiona ikisonga kila ukikanyaga, na hiyo ni habari ingine mbaya ya injini. Haikusonga. Nikafanya jaribio la kuteleza: handibreki juu, gia namba nne, achilia klachi. Injini ikazima papo hapo, maana klachi inashika.

Lakini yeye alisema inateleza ikiwa imepata joto kwa jamu. Mtu angesema mama anafikiria tu. Mimi nimejifunza kwamba mtu anaendesha gari yake kila siku anaijua kuliko mimi nimekaa nayo saa moja. Kwa hivyo nikachukua gari mwenyewe, nikaingia kwa jamu makusudi saa sita mchana, nikakaa huko kama dakika arobaini. Kurudi, kupanda kale kamlima ka kuingia kwetu, injini ikapanda sauti na gari ikabaki nyuma. Alikuwa anasema ukweli.

Nilifika gereji nikalala chini bila kungoja ipoe. Nikaweka spana ya kumi kwa nipo ya kutoa hewa kwa silinda ya chini, hakuna mtu ndani ya gari, hakuna mguu kwa pedali. Nikafungua robo tu. Mafuta yakaruka na nguvu hadi kwa kiwiko changu.

Hapo ndio nilielewa hii gari. Mafuta hayafai kuwa na presha kama hakuna mtu amekanyaga. Ilikuwa inamaanisha klachi imekanyagwa kidogo saa zote na mguu yenye haionekani.

Kufuata presha hadi mwanzo

Niliingia ndani ya gari nikaweka vidole kwa pedali. Kwa Corolla kama hii unafaa kupata mchezo kidogo mwanzoni, milimita 5 hadi 15, pedali ikisonga bila kusukuma kitu. Hapa hakukuwa na hata moja. Nikaangalia na tochi kwa ile fito ya kusukuma masta: nati imefunguliwa, fito imerefushwa, nati imekazwa tena, na alama za spana bado zinang'aa. Mtu aliirefusha juzi juzi.

Sasa, ndani ya masta kuna katundu kadogo ka kurudisha mafuta kwa chupa. Pistoni ikirudi mwisho wake, katundu kanafunguka na presha yote inatoka. Fito ikirefushwa kupita kiasi pistoni hairudi mwisho, katundu kanabaki kamezibwa, na mafuta yamefungiwa kwa laini. Asubuhi yakiwa baridi hakuna shida. Joto la jamu likiingia yanafura, yanasukuma folki, rilisi inabana vidole, klachi inaanza kuteleza. Na beringi ya rilisi, yenye imetengenezwa kufanya kazi sekunde chache ukibadilisha gia, inafanya kazi ya kutwa nzima.

Lakini mbona mtu aliirefusha? Hakuna fundi anarefusha fito bila sababu. Aliirefusha juu hata baada ya seti mpya pedali ilikuwa bado inashikia chini. Maana seti haikuwa shida kutoka mwanzo.

Nikamwita kijana, nikamwambia akanyage pedali hadi mwisho, nikamulika paipu ya mpira. Kila akikanyaga ile paipu ilifura katikati kama koo la chura, akiachilia inarudi. Iko hapo tu, juu ya giaboksi, unaiona bila kufungua bolti hata moja. Nguvu ya mguu wa mwalimu ilikuwa inaishia kufurisha mpira badala ya kusukuma folki.

Nililala hapo chini nikajiuliza ni mara ngapi mimi mwenyewe nimeipita paipu kama hiyo.

Uamuzi

Nilimketisha mwalimu kwa ile benchi yetu nikamweleza yote, na nikamwonyesha paipu ikifura. Nilimwambia kuna kazi tatu: paipu na marekebisho ya pedali, hiyo ni rahisi, rilisi, hiyo lazima giaboksi ishuke, na mngurumo wa giaboksi, hiyo sitajua ukubwa wake hadi nifungue. Akasema, "Fundi, uliniambia bei ingine kwa simu." Na ni kweli nilimwambia. Nikaomba msamaha. Tukakubaliana nitoe giaboksi, nimpigie kabla ya kununua kitu chochote cha ndani, na kama itapita pesa yenye ako nayo tutafunga rilisi na paipu kwanza.

Kwa mngurumo nilikuwa na njia tatu kichwani. Kununua giaboksi ingine ya eksi Japani, yaani imetumika huko Japani, ambayo hujui imetembea kilomita ngapi, unanunua na macho tu. Kubadilisha beringi za hii. Ama kuongeza mafuta na kuiacha. Nilichagua kungoja nione meno ya gia kwanza, juu gia zake zilikuwa zinaingia vizuri bila kukwaruza, na giaboksi yenye inaingia vizuri ni mali, haitupwi juu ya beringi.

Yenye tulipata ndani

Kabla ya kumwaga mafuta ya giaboksi nilifungua bolti ya kujazia kwanza. Hii ni tabia nzuri kwa gari yoyote: ukimwaga alafu upate ya kujazia imekwama, gari imekufa hapo. Nikaingiza kidole. Mafuta yanafaa kufika kwa mdomo wa tundu. Nilikunja kidole hadi pingili ya pili sikugusa kitu. Yenye ilitoka ilikuwa haifiki lita moja, na hii giaboksi inabeba karibu lita mbili. Rangi ilikuwa ya majivu, ukiweka kwa jua inametameta kama poda ya fedha. Hicho ni chuma.

Nafikiri najua ilivyokuwa. Ukitoa shafti za magurudumu kwa hizi gari mafuta yanamwagika, na siku ya ile kazi ya kwanza labda ilijazwa kwa kukisia, ama gari ikiwa bado imeinuliwa upande mmoja na jeki, mafuta yakaonekana kwa mdomo wa tundu na kumbe ndani hayajatosha. Mngurumo ulianza mwezi mmoja baadaye. Siwezi kuapa, lakini hesabu inaingiana.

Giaboksi ikashuka. Rilisi nikaizungusha na mkono, ikawa inakwama kwama na grisi yote ilikuwa imeyeyuka ikatoka, imeacha mviringo mweusi kwa nyumba ya klachi. Vidole vya presha pleti vilikuwa na mfereji lakini mdogo, nikapima kina kama milimita 0.3, na mwisho wenye Toyota inakubali ni 0.6. Pleti iling'aa kama kioo juu ya kuteleza, ila nyama yake ya kushika bado ilikuwa nyingi, kutoka juu hadi kwa kichwa cha ribiti ni zaidi ya milimita 1, na mwisho wake ni 0.3. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa kavu. Flaiwili haikuwa na nyufa.

Vumbi la ndani nilipangusa na kitambaa chenye kimeloweshwa. Sipulizi na kompresa, na kijana akijaribu ninamkataza, juu pleti nyingi za zamani zilitengenezwa na asbesto na hiyo ukivuta inabaki kwa mapafu.

Shafti ya kuingilia nilipoishika na kuitingisha ilicheza juu na chini. Mbele na nyuma kidogo ni kawaida, juu na chini hapana. Nikaweka giaboksi kwa mkokoteni nikaivukisha barabara hadi kwa jirani yetu mwenye ako na presi, mashine ya kusukuma beringi zitoke, yeye kazi yake ni giaboksi tu kwa miaka mingi. Alipoipasua, meno yote yalikuwa mazima, shaba za kulinganisha gia ziko sawa. Akatoa beringi ya mbele ya shafti akanipea. Nilipitisha ukucha kwa njia ya ndani ukawa unakwama kwa vishimo, kimoja baada ya kingine, kama barabara ya mtaani baada ya mvua. Akasema, "Ungeendesha hii mpaka Desemba ungeletea mimi gia zikiwa ndani ya bakuli."

Nikampigia mwalimu simu, nikamtumia picha. Akakubali beringi mbili za shafti na sili.

Kununua na kurudisha

Jumatatu nilienda mjini Kirinyaga Road na beringi za zamani zimefungwa kwa kitambaa. Nilikataa rilisi ya duka la kwanza. Nilipoizungusha na kidole ilizunguka nyepesi sana kama kichezeo cha mtoto na ikaendelea kuzunguka yenyewe. Rilisi nzuri iko na uzito wa grisi, unaiskia inakataa kidogo alafu inasonga laini. Ya duka la tatu ilikuwa bei karibu mara mbili na ndio nilichukua.

Pleti na presha pleti sikununua. Hapa tulijadiliana na mwenzangu gereji, yeye alisema giaboksi ikishuka funga kila kitu kipya. Ni maneno ya busara na mara nyingi mimi pia hufanya hivyo. Lakini hizi zilikuwa za miezi mitatu, vipimo viko ndani, na mama alikuwa ameshalipia seti moja bila sababu. Nilipitisha msasa kwa pleti taratibu kuondoa ule mng'aro, na kwa flaiwili pia, nikapangusa zote na petroli safi.

Kufunga si hadithi ndefu. Pleti nilipanga katikati na shafti nzee ya giaboksi yenye tunaweka kwa kazi hiyo, bolti sita nikakaza kwa kuvuka upande huu na ule kidogo kidogo, mwisho na torki spana nyutoni mita 19. Grisi kwa meno ya shafti niliweka nyembamba tu, na kwa kishikio cha folki. Ukijaza grisi pale itarushwa kwa pleti na utakuwa umetengeneza shida ingine. Paipu mpya ya mpira, mafuta mapya ya klachi, aina ya DOT 3, hadi yakatoka safi bila mapovu. Fito ya masta nikairudisha hadi nikapata mchezo wa milimita 10 kwa pedali. Giaboksi nikajaza mafuta ya 75W-90 gari ikiwa imekaa chini kwa magurudumu yote manne, hadi yakadondoka yenyewe kwa tundu.

Matokeo

Jumanne jioni mwalimu aliwasha gari nikiwa nimesimama kando. Akakanyaga, akaachilia, akakanyaga. Hakusema kitu, alizima tena akawasha tena, kama mtu haamini. Tukaenda nayo kwa jamu ya jioni kama saa nzima. Ilipanda flaiova ikivuta. Kurudi, nikafungua ile nipo ya chini ikiwa moto. Ikatoka tone moja pole pole.

Alafu Alhamisi akanipigia. "Fundi, imeanza tena." Roho ikaruka. Akaja, na kweli kila akikanyaga kulikuwa na "chwi", kasauti kembamba kama kifaranga. Nilianza kufikiria folki, nikafikiria nimeangusha giaboksi yake bure, hata nikamwambia kijana alete jeki. Lakini nikakumbuka kuskiza kwanza. Nikazima injini kabisa, nikakanyaga. "Chwi." Injini imezima na bado inalia. Nikalala kwa sakafu ya dereva kichwa chini ya dashibodi, nikaweka kidole kwa bushi ya pedali yenyewe, pale pedali inajizungushia, nikaskia inatetemeka kila ikilia. Ilikuwa imekauka. Grisi kidogo, dakika tano, ikaisha. Sikumtoza kitu.

Yenye ilifanya kazi na yenye ilikataa

Kilichotuokoa ni kutenganisha kelele. Kama ningechukua mngurumo na kukwaruza kama kitu kimoja ningefunga rilisi mpya, ningemrudishia gari ikinguruma, na yeye angesema makanika wote ni wale wale. Na kama ningefunga rilisi bila kuuliza mbona ya miezi mitatu imekufa, yangu pia ingekufa kwa miezi mitatu. Beringi mpya haifi bila kuuawa. Ile ya kwanza iliuawa na fito, fito ilirefushwa kuficha paipu, na paipu ilikuwa kitu cha shilingi 900, kazi ya nusu saa, hata giaboksi haingeguswa. Mwalimu alikuwa ametumia zaidi ya elfu kumi kabla ya kufika kwangu, na kwangu akatumia zingine, na nyingi ya hizo zilitokana na paipu moja.

Jaribio la kuteleza gari ikiwa haijapata joto la jamu halikunisaidia, na ningeliamini peke yake ningemwambia mama klachi iko sawa. Kilichosaidia ni kufanya shida ijitokeze penye hujitokeza. Na ile robo ya spana kwa nipo, hiyo sasa nafanya kwa kila gari ya klachi ya mafuta yenye inateleza ikiwa moto, inachukua dakika moja.

Makosa yangu ni haya. Bei ya simu ilinifanya nionekane mwongo kwa mteja mwenye alikuwa amedanganywa tayari, na siku hizi nasema bei ya kuangalia tu. Mafuta ya giaboksi ningeyaangalia Jumamosi asubuhi nilipoenda chini mara ya kwanza, bolti moja na kidole, na ningemwambia mapema kwamba giaboksi itahitaji kufunguliwa badala ya kumpigia simu akiwa kazini ashtuke. Na bushi ya pedali nilikuwa na kichwa changu karibu nayo nikirekebisha fito, sikuipaka.

Kuhusu pleti bado nina wasiwasi kidogo. Wiki ya kwanza asubuhi kukiwa na baridi gari ilikuwa inatetemeka kidogo kwa kuondoka, alafu ikaacha. Mwenzangu anasema ningefunga mpya, na kama ingekuwa mteja wa pesa nyingi labda ningefanya hivyo. Nilifanya hesabu na vipimo vyenye nilikuwa navyo.

Ile ya mguu kuegemea pedali nilimwambia siku ya kuchukua gari, nikamwonyesha kwamba akisimama kwa jamu aweke nyutro na mguu ukae kwa sakafu. Alisikiliza vizuri. Akaniambia hakuna mtu alishawahi kumwambia, tangu ajifunze kuendesha.

Alirudi baada ya miezi minne, kuweka pedi za breki. Nikaangalia mchezo wa pedali, milimita 10 bado. Mafuta ya giaboksi kwa mdomo wa tundu, rangi safi. Kimya, pedali juu na pedali chini. Pleti ni ile ile, na chini ya boneti kuna kikaratasi tulibandika na tarehe na kilomita 281,260, ili mwenye ataifungua siku ingine, kama si mimi, ajue ni nini kilifungwa na nini kiliachwa.